Sikio la Saa

Baba yangu alikuwa fundi saa Ngamiani, Tanga. Meza yake aliiweka barazani, upande wa kivuli, na juu yake palikuwa na taa ya kukunja shingo, sahani ya mafuta ya taa ya kuoshea vyuma, na kibano ambacho hakuruhusu mtu mwingine akishike. Lenzi ya jicho aliibana kwa nyama ya uso mpaka ikamwachia alama ya duara isiyofutika. Saa za kutia ufunguo alizijua kama mtu anavyowajua wanawe. Aliweza kukiweka kifuniko cha saa sikioni, akatulia kidogo, kisha akasema jino la gurudumu gani limelika.

Saa za betri zilipoanza kuja kwa wingi, zile zilizoandikwa "Quartz" usoni, alizifungua kwa adabu ileile, lakini ndani hakukuta gurudumu la kuyumba wala springi nyembamba kama unywele. Alikuta kidebe cha rangi ya fedha, urefu wake kama punje ya mchele, chenye miguu miwili ya waya. Siku moja alikibana kwa kibano akanisogezea. "Mwanangu," aliniambia, "moyo wa saa umo humu, nami sina namna ya kuufungua. Huu hautengenezwi. Hubadilishwa tu." Videbe vya saa zilizokufa hakuvitupa. Alivitia kwenye kopo la rangi ya viatu ya Kiwi, na kopo hilo ninalo mpaka leo.

Nilisoma fizikia, nikaajiriwa kuwa fundi wa maabara, na kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kupima gesi zinazotoka kwenye udongo wa mashamba. Watu wakiniuliza nilikuwa nazipima vipi, huwajibu kwamba nilikuwa nazisikiliza, na ndivyo ilivyokuwa hasa. Ukiimulika gesi kwa mwanga ambao gesi hiyo inaumeza, inapata joto. Ikipata joto inatanuka. Basi ukate mwanga ule vipande vipande, uwake na kuzimika mara elfu moja kwa sekunde: gesi nayo itatanuka na kunywea mara elfu moja kwa sekunde, na hewa inayotanuka na kunywea hivyo ndiyo sauti yenyewe. Gesi ikiwa nyingi, mlio unakuwa mkubwa. Ikiwa kidogo, mlio unafifia. Ikiwa haipo kabisa, panakuwa kimya. Wataalamu wanaiita njia hii fotoakustiki. Historia yake ina miaka zaidi ya 140, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni juhudi za kutafuta sikio zuri zaidi.

Ilianzia Washington mwaka 1880. Alexander Graham Bell alikuwa amekwisha kupata sifa ya simu, na sasa yeye na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walitaka kupitisha maneno kwenye mwanga bila waya. Tarehe 3 Juni mwaka huo Tainter alipanda juu ya shule ya Franklin akasema mbele ya kioo chembamba kinachotikisika kwa sauti ya msemaji. Jua lililogonga kioo kile lilisafiri mita 213 hadi kwenye dirisha la maabara, likaangukia kipande cha seleniamu, madini ambayo umeme hupita ndani yake kwa wepesi au kwa uzito kufuatana na mwanga. Bell alisikia maneno ya mwenzake kwenye simu iliyounganishwa na seleniamu ile. Alikipenda kifaa hicho, alichokiita Photophone, kiasi cha kutaka binti yake aliyezaliwa Februari ya mwaka uleule apewe jina hilo. Mkewe, Mabel, hakukubali, na mtoto akaitwa Marian.

Lakini kilichonihusu mimi na kazi yangu kilitokea pembeni ya kifaa hicho. Walipokuwa wakijaribu, Bell na Tainter waligundua kwamba seleniamu na umeme wake havikuwa vya lazima. Ukichukua karatasi nyembamba ya mpira mgumu, ukaimulika kwa jua linalokatwa na sahani yenye matundu inayozunguka, kisha ukatega sikio kwenye mpira huo kwa bomba, unasikia mlio. Walijaribu vitu vingi: pamba, sufu, hariri, karatasi. Vyote vililia, na vyenye rangi ya giza vililia zaidi. Mwishowe Tainter akafikia masizi ya taa. Pamba iliyopakwa masizi ilitoa sauti kali kuliko vyote, kwa sababu masizi humeza mwanga wote na hupokea joto na kuliachia upesi.

Bell alikuwa amesafiri kwenda Ulaya wakati huo, na tarehe 29 Novemba 1880 aliingia maabara ya Royal Institution, London, kumwonyesha John Tyndall majaribio yake. Hakuna mtu duniani aliyefaa zaidi kuonyeshwa. Tangu mwaka 1859 Tyndall alikuwa akipima ni gesi zipi zinazomeza miale ya joto na zipi zinaiacha ipite. Yeye ndiye aliyepima na kuonyesha kwamba mvuke wa maji na hewa ukaa humeza joto hilo, ilhali oksijeni na naitrojeni karibu haziligusi. Alipousikia mlio wa Bell alisema palepale kwamba chanzo chake ni joto linalopanda na kushuka haraka ndani ya kile kinachomulikwa. Kisha akauliza kama kuna mtu amekwisha kujaribu gesi. Hapakuwa na mtu. Akapendekeza mirija miwili ya kioo: mmoja utiwe mvuke wa etha, unaomeza sana joto, na mwingine mvuke wa kaboni disulfidi, unaoliacha lipite. Akatabiri kwamba kama kutakuwa na sauti, etha italia zaidi. Wakajaribu saa ileile, na ikawa hivyo.

Naipenda siku hiyo kuliko nyingine zote katika habari hii. Vitu viwili visivyoonekana kwa macho, ndani ya mirija inayofanana, vilitofautishwa kwa sikio. Mwaka uliofuata Tyndall alichapisha majaribio yake ya gesi na mivuke mingi, na huko Ujerumani Wilhelm Röntgen, ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua kwa miale yake ya eksirei, alifanya majaribio ya namna hiyohiyo.

Baada ya hapo, karibu miaka 50 ya kimya. Nilipokuwa kijana nilidhani watu walichoka. Sivyo. Sikio la mwanadamu lilikuwa limefika mwisho wake. Ungeweza kusema "hii inalia, ile hailii", lakini usingeweza kuandika namba, na usingeweza kuisikia gesi iliyochanganywa na hewa mara elfu. Ilibidi kwanza wenye simu na redio wavumbue maikrofoni ya kapasita, yenye utando mwembamba wa chuma unaotikisika mbele ya bamba, na vali za kukuza umeme. Walivitengeneza kwa ajili ya muziki na mazungumzo. Sisi wa gesi tulivirithi.

Mwaka 1938 M. L. Viengerov, Leningrad, aliweka maikrofoni mahali pa sikio la Tyndall, akapima hewa ukaa iliyo ndani ya naitrojeni hadi sehemu chache katika elfu. Mwaka huohuo, katika kampuni ya kemikali ya IG Farben nchini Ujerumani, Karl Friedrich Luft na Erwin Lehrer walikuja na jambo la akili ambalo kila nikilieleza kwa wanafunzi huwa nasimama kidogo wapate kulitafakari. Taa haina uchaguzi: inatoa rangi zote za joto kwa pamoja, na gesi mbalimbali zinagombea. Utaitambuaje moja? Wao walikijaza chumba cha kipokezi gesi ileile wanayoitafuta. Ukitafuta hewa ukaa, jaza hewa ukaa. Gesi ile iliyofungwa humo inaisikia rangi yake tu. Rangi za wengine zinapita bila kuishtua. Vyumba viwili, utando wa chuma katikati, na utando ule unavimba upande huu au ule kwa kadiri ya mwanga uliopungua njiani. Mashine yao iliitwa URAS, na ilipima sehemu katika milioni.

Mashine ya ukoo huohuo ndiyo mradi wa Charles David Keeling uliyoiweka kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwezi Machi 1958. Ilisoma sehemu 313 za hewa ukaa katika milioni ya hewa. Mstari ule wa Keeling unaopanda mwaka hata mwaka, ambao kila anayezungumzia tabianchi anauonyesha, ulianza kuchorwa kwa utando unaotikiswa na gesi iliyopashwa joto.

Kisha ikaja leza. Leza ya kwanza, ya yakuti, iliwaka mwaka 1960, na mwaka 1968 E. L. Kerr na J. G. Atwood waliitumia kuusikiliza mvuke wa maji. Kwa hewa ukaa walitumia leza ya hewa ukaa yenyewe. Tofauti za leza na taa ni mbili. Ya kwanza ni nguvu: katika fotoakustiki mwanga ukiongezeka maradufu, mlio nao unaongezeka maradufu. Ya pili kwangu ndiyo kubwa. Leza ina rangi moja tu, nyembamba mno, na kila gesi humeza rangi zake katika mistari myembamba kama meno ya kitana. Leza inaweza kupita kati ya meno ya gesi nyingine ikagusa jino la ile unayoitaka.

Lloyd Kreuzer wa Bell Labs alilionyesha hili mwaka 1971. Kwa leza ndogo ya heliamu na neoni, nguvu yake miliwati 15, alisikia methani sehemu 10 katika bilioni. Hiyo ni leza dhaifu mno ukiilinganisha na balbu ya nyumbani, na ilimfikisha mbali mara mia kuliko mashine za taa. Mwenzake C. Kumar N. Patel, mzaliwa wa Baramati, India, na mvumbuzi wa leza ya hewa ukaa, aliipeleka njia hii angani: mwaka 1973 yeye na wenzake walipandisha kifaa kwa puto hadi kilomita 28 juu, wakaipima nitriki oksidi, gesi inayoila ozoni. Kabla ya jua kuchomoza ilikuwa karibu haisikiki. Jua lilipochomoza ilianza kupanda, ikaendelea kupanda mpaka mchana. Kule juu, mahali pasipo na mtu wa kutega sikio, waliisikia gesi ikiamka na jua.

Ungedhani tangu hapo ilikuwa kazi ya kuongeza nguvu ya leza tu. Wengi walidhani hivyo, na wengi waligonga ukuta. Mwanga mwingi unaipasha joto gesi, lakini unavipasha pia vioo vya madirisha ya chumba na kuta zake, na vioo navyo vinalia, kwa mlio uleule. Unaongeza sauti ya mgeni na kelele ya nyumba kwa pamoja. Kwa hiyo maendeleo makubwa yalitoka upande wa pili, kwa watu waliokaa wakajiuliza: nitalifanyaje sikio langu liwe kiziwi kwa kila kitu isipokuwa sauti moja?

Jibu la kwanza watoto wa Ngamiani walilijua. Chukua chupa tupu ya soda, upulize mdomoni mwake. Pumzi yako ina kelele za kila namna, lakini chupa inachagua mlio wake mmoja na kuuvumisha. Mwaka 1973 Forbes Dewey na wenzake nchini Marekani walikichonga chumba cha gesi kiwe kama chupa hiyo, kisha wakaikata leza kwa kasi inayolingana na mvumo wa chumba. Kila mwako wa leza ukaja wakati wa kufaa, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye pembea pale pembea inapoanza kurudi. Msukumo mdogo, ukirudiwa kwa wakati wake, unaipeleka pembea juu. Kelele nyingine, zisizofuata mwendo huo, zinasukuma mbele na nyuma ovyo na kujifuta zenyewe.

Waliolifikisha wazo hili mbali kuliko wote wakati huo walikuwa Waholanzi wa chuo kikuu cha Nijmegen, kundi la Jörg Reuss na Frans Harren, na gesi yao ni ya kwetu kabisa ingawa hatuijui kwa jina. Bibi yangu alikuwa akivundika ndizi. Alichimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akapanga mikungu, akatia moshi pembeni na kufunika udongo. Baada ya siku chache ndizi zilitoka za manjano na harufu yake ilijaa ua mzima. Kinachofanya kazi ndani ya moshi ule ni ethilini. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, St. Petersburg, aligundua kwamba ethilini iliyomo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikipinda miche yake ya njegere. Na mwaka 1934 Richard Gane, Uingereza, alithibitisha kwamba tunda linaloiva huitoa lenyewe. Ndiyo maana ndizi moja mbivu huivisha wenzake kapuni. Bibi hakuhitaji kuambiwa hilo.

Shida ni kwamba ua moja hutoa ethilini kidogo kupita kiasi. Kwa bahati njema, ethilini humeza vizuri mno rangi mojawapo ya leza ya hewa ukaa, karibu mikromita 10.5. Waholanzi walifanya jambo la ujasiri: chumba cha gesi hawakukiweka mbele ya leza, walikiweka ndani ya leza yenyewe, katikati ya vioo vyake viwili, mahali ambapo mwanga unakwenda na kurudi na nguvu yake ni kubwa kuliko ile inayotoka nje. Chumba chenyewe walikichonga kama bomba la filimbi, na maikrofoni wakaiweka pale mvumo unapokuwa mkubwa. Mwaka 1990 walitangaza kwamba wanaweza kuisikia ethilini ikiwa sehemu 6 katika trilioni. Nilijaribu kuwaeleza wanafunzi wangu ukubwa wa trilioni: sekunde trilioni moja ni karibu miaka 31,700. Ni kama kuzitambua sekunde sita katika muda huo wote. Walilisikiliza ua moja la okidi likitoa ethilini baada ya kuondolewa chavua. Walisikiliza mmea uliozamishwa majini ukijitayarisha kurefuka ili upumue.

Mitambo yao, hata hivyo, ilijaza meza nzima, na leza zilitaka maji ya kupozea na watu wa kuzilea. Sisi wa shambani tulipewa masanduku ya kubeba, ambayo hayakuwa na leza. Yalikuwa na taa na vichujio vya rangi.

Hapa nina kovu langu. Msimu mmoja wa masika, huko Morogoro, tulikuwa tukipima gesi ya naitrasi oksidi inayotoka kwenye mashamba ya mahindi yaliyowekwa mbolea. Kila asubuhi namba zilikuwa juu, mchana zikashuka, na siku za mvua zilipanda zaidi. Tulifurahi. Tulidhani tumeuona udongo ukipumua kwa mpango. Taasisi niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa tayari imeanza kuandika ripoti. Mimi sikuridhika na jinsi mchoro wetu ulivyofanana na mchoro wa unyevu wa hewa. Nikajaza sanduku hewa safi ya chupani, isiyo na kitu, nikaipitisha kwanza kwenye chupa ya maji. Namba ikapanda. Tulikuwa tumepima umande kwa miezi mitatu. Mvuke wa maji humeza rangi nyingi mno, na kichujio cha taa ni kipana. Mvuke unaingia pembeni na kulia kwa sauti inayofanana na ya mwenzake. Tulitupa takwimu za msimu mzima, na kijana aliyekuwa akizikusanya kwa pikipiki kwenye tope alilia mbele yangu.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka 2013 watafiti wa Kituo cha Dunia cha Kilimo Mseto kilichopo Nairobi, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walichapisha onyo katika jarida la Global Change Biology kwamba usahihi wa vipimo vya fotoakustiki vya gesi za udongo si jambo la kuaminiwa bila kuthibitishwa. Nililisoma nikapumua. Nilitamani tu lingekuja miaka kadhaa mapema.

Hapo ndipo ninapomrudia baba.

Mwaka 2002, katika chuo kikuu cha Rice, Houston, watu wanne walichapisha makala fupi: Anatoliy Kosterev, Yury Bakhirkin, Robert Curl, aliyekuwa na Nobeli ya kemia ya mwaka 1996, na Frank Tittel. Waliuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kabla yao. Tangu Dewey, chumba ndicho kilichovuma, na maikrofoni ilisikiliza kila kitu. Je, tukiacha chumba, sikio lenyewe ndilo livume? Sikio lisiloweza kusikia ila mlio mmoja? Na sikio hilo walilikuta dukani, likiuzwa kwa senti chache, kwa sababu viwanda vya saa huyatengeneza kwa mamilioni. Ndilo lile lililokuwa ndani ya kidebe cha fedha.

Ndani ya kidebe mna uma wa kwatsi wenye meno mawili, kila jino urefu wake karibu milimita 4, na nafasi ya kati ya meno karibu milimita 0.3. Kwatsi ina tabia ya ajabu: ukiipinda inatoa umeme, ukiipa umeme inajipinda. Uma huo umechongwa utikisike mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni moja iliyozidishwa kwa mbili mara 15, kwa hiyo saketi ya saa ikiigawa kwa mbili mara 15 inapata mpigo mmoja, yaani sekunde. Huo ndio moyo ambao baba alishindwa kuufungua.

Watu wa Houston waliufungua. Walitoa kidebe, wakauacha uma uchi hewani, wakapitisha leza katikati ya meno bila kuyagusa, maana mwanga ukigusa kwatsi unalia wenyewe na kuharibu kila kitu. Gesi iliyo katikati inapomeza mwanga inatanuka, na meno yanasukumwa mbali, kila moja upande wake. Hapo umeme unatoka. Sasa fikiria kelele ya nje: lori barabarani, feni, mtu anayefunga mlango. Sauti hiyo inayafikia meno yote mawili kwa pamoja na kuyasukuma upande uleule, na uma ulivyowekewa waya, mwendo wa namna hiyo hautoi umeme. Juu ya hayo, huko kwenye mitikisiko 32,000 kwa sekunde kelele za dunia ni chache. Malori na milango hulia chini sana ya hapo. Uma ule ni kiziwi kwa asili yake kwa karibu kila kitu.

Nao unakumbuka. Ndani ya kidebe, palipotolewa hewa, unaweza kuendelea kutikisika mizunguko kama 100,000 kabla haujachoka. Hewani unapungua hadi kama 10,000, ambayo bado ni mingi kuliko chumba chochote cha gesi kinavyoweza kuvumisha. Kila msukumo mdogo wa gesi unajilundika juu ya uliotangulia. Leza wanaitikisa rangi yake kwa nusu ya kasi hiyo, mara 16,384 hivi kwa sekunde, iwe inalivuka jino la gesi kwenda na kurudi. Kila safari inavuka mara mbili, na mlio unatoka kwenye 32,768. Kwa ujanja huo hata vioo vya madirisha vinanyamaza, kwa sababu vioo havijali rangi kubadilika kidogo. Gesi inayohitajika kukaa kati ya meno ni chini ya milimita moja ya ujazo.

Nilipoisoma makala ile nilikwenda kabatini nikalitoa kopo la Kiwi.

Yaliyofuata yamekwenda kasi. Leza za kaskedi ya kwanta, zilizobuniwa Bell Labs mwaka 1994 na Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao, ziliwapa watu rangi za infraredi kutoka kwenye kipande kidogo kisichohitaji maji ya kupozea. Mwaka 2012 kundi la Vincenzo Spagnolo, Bari, Italia, liliunganisha leza ya aina hiyo na uma wa saa likasikia salfa heksafloridi, gesi ya kwenye swichi za umeme mkubwa, sehemu 50 katika trilioni kwa sekunde moja. Wengine wanachonga uma wao wenyewe sasa, wenye meno marefu na nafasi pana, kwa sababu molekuli nyingine ni nzito kuliachia joto lao na haziwezi kufuata mitikisiko 32,000. Zinahitaji mwendo wa polepole, au chembe za mvuke wa maji za kuzisaidia. Mvuke ule ulioniharibia msimu, kwao ni msaidizi. Na huko Finland, Jyrki Kauppinen wa Turku aliacha utando wa maikrofoni akatumia kiulimi cha silikoni, chembamba kuliko unywele, kinachopepea kama mlango mdogo. Mtikisiko wake unasomwa kwa leza ya pili. Mwaka 2018 wenzake wa Helsinki walivuka kwa kiulimi hicho chini ya sehemu moja katika trilioni.

Baba alifariki kabla sijajua kilichomo koponi mwake. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, anayesoma uhandisi, alikuja likizo na mashine yake ndogo ya kuzalisha mawimbi ya umeme. "Shangazi," akasema, "tufungue kimoja." Tulikaa barazani, meza ileile. Nilivaa lenzi ya jicho ya baba. Tukatafuta kwanza mlio wa uma ukiwa bado umefungwa, tukaupata palepale, kilele kikali kama sindano. Kisha nikaanza kusaga shingo ya kidebe kwa tupa nyembamba, taratibu, nikikizungusha, maana ukikivuta kwa nguvu unavunja meno. Ilichukua karibu dakika 20. Kidebe kilipotoka, uma ulisimama juani, mng'avu, na mistari myembamba ya chuma cha fedha imechorwa juu yake kwa ustadi ambao baba angeutazama siku nzima.

Tukautafuta mlio tena. Ulikuwa umeshuka mitikisiko michache, na kilele kilikuwa kimenenepa, kwa kuwa sasa ulikuwa ukisukuma hewa ya Tanga. Kijana akainama kuutazama kwa karibu, akapumua, na namba kwenye mashine ikayumba.